Bunduki Iliyopungua Nguvu Usiku

Ubao wa igisoro, mchezo wa bao wa Kinyarwanda, una mashimo 32 na kete 64. Wawili wakiketi kuucheza, kila mmoja hupata nusu yake, wala hapana fundi wa mbali awezaye kuzibadili kete hizo watu wakiwa wamelala.

Mchezo wa vita uchezwao na wengi kwa simu una sheria nyingine. Kijana wa Nyakiriba, wilayani Rubavu, aliyeshinda jana kwa bunduki fulani aweza kuikuta leo imepungua nguvu. Hakuna mhunzi aliyeigusa. Nguvu yake ni tarakimu tu katika kompyuta kuu ya kampuni, nayo imepunguzwa kwa kuwa kila mtu aliichagua hiyo peke yake. Askari wa kweli atacheka, maana hajapata kuona adui akimpunguzia risasi ili mambo yawe sawa.

Hata hivyo, usawa wa silaha sio unaotangulia. Kwanza kompyuta kuu isizimike, kwani ikizimika wote wamefungiwa nje. Kisha wadanganyifu: wako watiao programu ya kumwona adui nyuma ya ukuta, au ya kulenga shabaha bila jicho la mtu. Sehemu ya dawa ni kuiacha kompyuta kuu iamue yote, simu ya mchezaji iwe ya kuomba tu. Mchezo uliozoewa na wadanganyifu hukimbiwa na waaminifu, hata uwe mzuri namna gani.

Mavazi na mapambo yangestahili kungoja nyuma. Lakini michezo mingi hutolewa bure, na mapambo ndiyo yauzwayo. Kwa hiyo hupenya foleni.

Hapo ndipo nyumba huguswa. Simu yenye toleo la zamani haielewani na yenye toleo jipya, hivyo asiyepakua marekebisho hachezi. Bando la wiki, lililonunuliwa ili mama azungumze na baba aliye kambini, laweza kwisha asubuhi moja kwa ajili ya kofia za rangi.

Tena kuna umbali. Kutoka Gisenyi hadi Johannesburg, ziliko kompyuta za baadhi ya michezo, ni kama kilomita 2,700. Hadi Frankfurt ni kama 6,000. Mwanga katika waya wa kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na hakuna marekebisho yatakayouharakisha. Kampuni yaweza tu kuisogeza kompyuta, nayo huisogeza penye wanunuzi.

Wapo waliomfikiria mwenye simu duni. Garena ya Singapore ilitoa Free Fire mwaka 2017, wachezaji 50 kwa dakika kumi hivi, na mwaka 2019 ukawa mchezo wa simu uliopakuliwa kuliko yote duniani. PUBG Mobile nao ukapata toleo jepesi, la watu 60 badala ya 100.

Mzazi aweza kuingia katika mipangilio ya duka la programu na kuiamuru simu isipakue marekebisho ya duka hilo ila kwa Wi-Fi. Ni kazi ya dakika moja.