Mteremkoni, Kushoto Huwa Kulia

Pawatila, ile mashine ya kulimia ya magurudumu mawili, haina usukani. Ina mikono miwili mirefu, na chini ya kila mkono kuna kishikio kidogo cha klachi. Kwenye tambarare, ukibana cha kushoto, gurudumu la kushoto linaachiwa, la kulia linaendelea kusukuma, na mashine inakata kushoto. Hapo hakuna fumbo. Sasa ifungie tela la kuni, iteremshe mlima, halafu bana kishikio kilekile cha kushoto. Itakata kulia.

Habari hii nilipewa na fundi wa kuchomelea katika kijiji kimoja nje ya mji wa Njombe, nikiwa nimekwenda huko kwa shughuli nyingine kabisa. Nilimwomba arudie. Akaweka grenda chini, akachora kwa chaki kwenye sakafu ya banda lake.

"Mteremkoni injini haivuti tena, inazuia," alisema. "Anayesukuma ni mzigo. Ukiachia gurudumu la kushoto, hilo linapata ruhusa ya kukimbia. La kulia bado injini imelishika. Lililo huru linalitangulia lililoshikwa, basi pua ya mashine inageukia kulia. Kama korongo liko kulia, umekwenda na kuni zako."

Dereva mzoefu, kwa maelezo yake, anapofika kwenye ncha ya mlima huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, haigusi klachi kubwa njiani, na kona huipiga kwa kusukuma mikono ya mashine kwa nguvu za mabega, vile vishikio vidogo akiviacha kabisa. Dereva mgeni hubana. Mkono wake umezoea hivyo toka shambani.

Fundi huyu ameniomba nisiandike jina lake. "Wanaonihitaji wananijua," alisema, na hakutaka mjadala. Kazi yake kubwa siku hizi ni kuchukua matela ya pawatila yaliyochakaa na kuyafanya ya kubebea kuni. Asili ya matela yenyewe ni hii. Kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 ilizileta pawatila wilayani kwa wingi. Kwenye mabonde ya mpunga kama Mbarali na Kilombero zilipata kazi zilizoumbiwa. Huku vilimani kwa wengi jembe liliegeshwa ukutani, tela ndilo likaleta hela: matofali, mbolea, viazi, na kuni. Miwati na mikaratusi iliyopasuliwa, mabanzi yanayobaki kwenye mashine za mbao, vyote hupanda tela.

Nililolikuta bandani kwake lilikuwa limeoza sakafu. Bati lilikuwa limetoboka kiasi kwamba kidole kilipita. Nilitegemea angekata bati jipya akaziba. Hakufanya hivyo. Alilikata lote, akalitupa nje, akaanza kupanga vyuma vya pembe kutoka mbele hadi nyuma, kati ya kimoja na kingine nafasi ya kupita ngumi.

"Kuni zinakuja na maganda, udongo, maji. Kwenye bati vyote vinalala humo. Jioni mwenye tela hasafishi, amechoka. Mwaka wa pili bati limekwisha. Hapa uchafu unaanguka wenyewe njiani."

Baada ya sakafu ilikuja ekseli. Aliifungua bolti na kuirudisha nyuma shubiri moja. Sababu aliieleza huku akikaza nati, kwa hiyo maneno mengine yalimezwa na kelele za spana. Tela likiwa zito nyuma, mkia unashuka na mdomo unainuka, nao mdomo huo umeshikana na pawatila kwa pini. Ukiinuka unaipunguzia pawatila uzito kwenye matairi yake, na matairi yasiyo na uzito hayashiki ardhi, hasa udongo wetu mwekundu ukishanyeshewa. Kwa hiyo anataka sehemu kama moja ya kumi ya mzigo iegemee mbele. Mizani hana. Hupakia tela kuni, kisha humwita mtu mmoja mwenye nguvu ainue ulimi wa tela peke yake. Akiuinua kirahisi, ekseli bado iko mbele mno. Akishindwa kabisa, imerudishwa kupita kiasi. Inatakiwa ainue, lakini uso umkunjamane.

Nilichokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni nguzo.

Tela la kuni halihitaji kuta, linahitaji nguzo za pembeni za kuzuia magogo yasimwagike. Fundi huzitengeneza kwa bomba la chuma, na hukata kila moja urefu wa dhiraa: anaweka kiwiko kwenye mwanzo wa bomba, anaweka alama kwenye ncha ya kidole cha kati, anakata. Nusu meta hivi. Ni fupi mno, na mteja aliyekuwa amekaa kwenye tofali pembeni akamwambia hivyo.

"Fundi, ongeza kidogo. Hapo nitakwenda mara mbili."

"Nenda mara mbili."

"Mafuta je?"

"Kaka, mafuta yananunuliwa."

Baadaye nilipomwuliza, alinipigia hesabu. Tela lina urefu wa meta mbili na upana wa meta moja na ushee. Kuni zikifika kwenye ncha ya nguzo zake, ni kama meta moja na robo ya ujazo. Meta moja ya kuni mbichi zilizopangwa hupita nusu tani. Kwa hiyo tela lililojaa hadi nguzoni linabeba robo tatu ya tani, au karibu. Zipandishe nguzo mara mbili, nawe umekwenda tani moja na nusu, nyuma ya mashine ndogo ya silinda moja ambayo tela lake lilibuniwa kwa tani moja, mengine chini ya hapo. "Kuni mbichi ni maji uliyoyakata kwa shoka," alisema. "Mtu anaona mti, haoni maji." Akashauri kuni zikae msituni zikauke kwanza, halafu akacheka mwenyewe, maana hakuna anayeziacha msituni. Zingeibwa.

Ndiyo kusema nguzo fupi ni sheria ya uzito iliyokatwa kwa chuma, na mtunga sheria hana cheo wala ofisi. Sijaona njia bora zaidi ya kumzuia mtu kuzidisha mzigo kuliko kumnyima pa kuuegemeza.

Breki ilikuwa kazi ya mchana mzima (umeme ulikatika mara kadhaa, mashine ya kuchomelea ikanyamaza, tukanywa chai). Kwenye matela haya breki ni ya mguu: dereva amekaa kwenye kiti kilicho mbele ya tela na pedeli iko karibu na ulimi. Katika mengi yanayoletwa kwake, vyuma vya kuvuta breki vimeshika kutu au vimeondolewa kabisa. Fundi hutafuta habu za nyuma za pikapu iliyokufa, zikiwa na drami zake. Anachokitaka humo ni kile kiwiko cha breki ya mkono. Hakihitaji mafuta ya breki wala pampu, ni chuma kinachovuta chuma. Anakiunganisha na pedeli kwa ufito, na katikati anaweka kipande cha chuma kinachocheza pande zote mbili ili kila gurudumu livutwe sawa na mwenzake.

Kisha akaliinua tela juu ya magogo. Kijana wake akakanyaga pedeli polepole, yeye akalizungusha gurudumu la kushoto kwa mkono, akaenda upande wa pili akalizungusha la kulia. La kulia lilisimama, la kushoto likajikokota robo duara. Akalegeza nati, akakaza nyingine, akaomba pedeli tena. Walirudia hivyo hadi yote mawili yakakataa kwa pamoja. Breki inayoshika upande mmoja, alisema, ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inalitupa tela pembeni wakati ambapo vishikio vya klachi navyo vinadanganya.

Nguzo zake fupi hazidumu kote. Wateja wengine, akakiri, hutoka kwake wakaenda kwa fundi mwingine kuongezewa bomba juu. Wengine hupakia kuni na juu yake wakapanda wakataji na watoto wa kuokoteza vijiti. Lami wanaivuka jioni bila taa nyuma. Nani awakague? Chombo hiki si gari, si pikipiki, na si trekta kwa macho ya wengi. Nikamwuliza kama yeye angekubali kukataa kazi ya mtu anayemjua kuwa atakwenda kurefusha nguzo. Aliendelea kupaka rangi kwa muda. "Nikikataa, atatengenezewa na asiyejua breki," akasema. Sikuwa na la kumjibu, na bado sina.

Kuhusu kesho ya kuni zenyewe, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nilipomtajia, hakuonekana kuwa na hofu. "Gesi ikifika tutabeba mitungi. Mlima utakuwa uleule."

Kwa wewe unayefikiria kununua pawatila ya mtumba yenye tela: wauzaji watakuwashia injini kwanza, maana inanguruma vizuri na moshi wake ni mwembamba. Waambie waizime. Fungua pini, litenge tela, mtu akae kitini akanyage pedeli, wawili walisukume. Likisogea, usitoe hela.