Kipindi cha Afya: Mtoto wa jicho, tusubiri leza?

(Muziki wa kufungua. Unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunajibu swali la mama mmoja mzee aliyevuka mpaka akishikwa mkono na mjukuu wake. Macho yake yana ukungu mweupe. Watu wamemwambia: "Mama, ngoja leza, inaponya bila kukatwa." Anauliza: nisubiri, au nikubali upasuaji?

Mama, usisubiri. Leza wanayoisifu ni ya watu wanaovaa miwani. Inachonga ngozi angavu ya mbele ya jicho ili mtu aone bila miwani. Hufanyiwa aliyepita miaka 18, ambaye namba ya miwani yake imeacha kubadilika.

Mtoto wa jicho ni ugonjwa mwingine. Lenzi iliyo ndani ya jicho imechafuka. Matone hayaisafishi, na majani ya kukamulia jichoni yanaweza kukupofusha kabisa. Daktari huitoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya plastiki. Unapigwa ganzi, na mara nyingi kazi haipiti nusu saa. Kwa kawaida huanza jicho moja. Hapa Rwanda, hospitali ya Kabgayi inajulikana kwa kazi hii, lakini anzia kituo cha afya, wakupe karatasi ya kukutuma.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Kabla ya kukubali, uliza mambo matatu. La kwanza: je, nina presha ya jicho pia? Uwezo wa kuona ulioharibiwa na presha haurudi, hata ukipasuliwa. La pili: nani atalipa, pamoja na dawa na safari? La tatu: nani atanitia matone? Kama jina lako liko kwenye orodha ya kuhamishiwa Mahama, mwambie daktari mapema. Jicho linatakiwa kuangaliwa kesho yake na tena baadaye. Mweleze pia kama una kisukari.

Ukisharudi, tia matone kwa wiki zote ulizoandikiwa, hata ukijisikia umepona. Nawa mikono kwanza. Usisugue jicho. Usiku lifunike kwa kifuniko ulichopewa. Maji ya kuoga na vumbi visiingie. Usibebe jerikani wala kuni mpaka daktari akuruhusu. Mjukuu, hiyo ni kazi yako!

Maumivu yakizidi, jicho likiwa jekundu zaidi, likitoa usaha, au ukianza kuona vibaya kuliko jana, nenda siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya karatasi.

Na leza? Inaweza kuja baadaye. Miezi au miaka ikipita, utando ulio nyuma ya lenzi mpya unaweza kuingia ukungu. Hapo leza huufungua kwa dakika chache, bila kukata.

Mama, tunakuombea uione sura ya mjukuu wako. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga)