Je, Wajua? Kichanga Humtambua Mama kwa Sauti

Je, wajua kwamba mtoto huizoea sauti ya mama yake kabla hata hajaiona sura yake? Masikio huanza kusikia angali tumboni, miezi mitatu hivi kabla ya kuzaliwa.

Mwaka 1980, watafiti wa Marekani Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto wa siku chache tu chuchu bandia iliyounganishwa na mashine ya kanda. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani, alimsikia mama yake akisoma hadithi. Akinyonya kwa mwendo mwingine, alisikia sauti ya mwanamke asiyemjua. Wengi wao walibadili unyonyaji ili wamsikie mama. Akina baba msinune, lakini utafiti uliofuata haukuona vichanga wakiipendelea sauti ya baba.

Pua nayo haiko nyuma. Akiwa na umri wa wiki moja hivi, mtoto anayenyonya hugeuzia kichwa kitambaa chenye harufu ya maziwa ya mama yake kuliko cha mama mwingine.

Yanayochelewa ni macho. Kichanga huona vyema kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, karibu sawa na kutoka titi hadi uso wa anayemnyonyesha. Mbele ya hapo ni ukungu. Basi ukienda kumwona mzazi, usimpungie mtoto mkono kutoka mlangoni, msogelee, umsemeshe.