Kubisha Bila Kukwama: Somo la Baharini kwa Kamati za Kilosa na Mikumi



Katika kikao cha kamati za miradi za sharika za Kilosa na Mikumi, mjumbe mmoja aliuliza: "Mratibu, kwa nini mradi ukibadilisha awamu unasimama?" Nilijibu kwa mfano wa boti ya tanga, nikaona wajumbe wananishangaa. Niliahidi kueleza vizuri kupitia jarida hili, na leo natimiza ahadi hiyo.

Tunadhani bahari iko mbali nasi. Lakini maji ya Mkondoa yanayopita Kilosa huingia mto Wami, na Wami humwaga maji yake baharini karibu na Saadani. Udongo unaobomoka kwenye kingo zetu hupita njia hiyo hiyo. Huko pwani watu wana neno moja la kusafiri kuuelekea upepo: kubisha.

Kubisha ni nini?

Hakuna boti ya tanga inayoweza kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Nahodha huenda mshazari, kwa pembe ya nyuzi kama 45 kutoka kwenye upepo, kisha hugeuza na kwenda mshazari upande wa pili. Anayetazama kutoka ufukweni huona boti inayumba huku na huku, kumbe inasogea mbele.

Hatari iko kwenye kugeuza. Kwa muda mfupi omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, huutazama upepo. Tanga hupigapiga bure na halisukumi kitu. Kinachoivusha boti hapo ni mwendo iliokuja nao tu. Mwendo ukiisha kabla ya kuvuka, boti husimama, halafu huanza kurudi nyuma.

Kwa nini katamarani hukwama zaidi

Katamarani ni boti yenye miili miwili iliyounganishwa. Waliovuka kwenda Zanzibar kwa boti za mwendo kasi wameziona kubwa zenye injini. Ziko pia ndogo za tanga, za watu wawili. Hizi ndogo hukwama kwa sababu mbili. Kwanza ni nyepesi. Lori lenye shehena likizimwa injini kwenye tambarare huendelea kujongea, lakini baiskeli tupu husimama mapema. Pili, miili miwili mirefu iliyo sambamba hupenda kwenda moja kwa moja, kama behewa juu ya reli.

Niliyajua haya kwa aibu. Nikiwa Dar es Salaam kwa semina, rafiki alinipakia katika boti ya namna hiyo, akanipa usukani. Aliposema "geuza", niliusukuma usukani kwa nguvu hadi mwisho. Boti ilisimama kama iliyofunga breki. Alicheka, kisha akanifundisha hatua zifuatazo.

1. Pata mwendo kwanza. Usigeuze boti iliyolegea. Acha tanga lijae, na uchague mahali penye maji yaliyotulia.

2. Geuza taratibu bila kusita. Usukani unaosukumwa ghafla huwa breki. Usukani unaosukumwa nusu nusu huiacha boti katikati.

3. Sogeza uzito nyuma kidogo. Omo huwa nyepesi na kuzunguka kwa urahisi.

4. Usiachie mapema tanga dogo la mbele. Liache limefungwa upande wa zamani mpaka omo ivuke upepo. Upepo ukilipiga kwa nyuma, huisukuma omo upande mpya. Hapo ndipo unalihamisha.

5. Legeza tanga kubwa omo inapovuka. Likibaki limekazwa, huirudisha boti kuutazama upepo. Mwendo ukirejea, kaza tena polepole.

6. Ukikwama, usihangaike. Boti inaporudi nyuma usukani hufanya kazi kinyume. Legeza tanga kubwa, geuza usukani upande wa pili, ngoja boti ijipange upya, kisha anza safari.

Ngalawa nazo zina busara yake. Ni chombo cha mti uliochongwa, chenye mbao mbili za kukizuia kisipinduke. Tanga lake la pembetatu hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia mlingotini, na kulihamisha ni kazi. Kwa hiyo mara nyingi vyombo vya tanga la namna hii huzunguka kwa kupitisha tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenye upepo. Hupoteza hatua kadhaa za safari, lakini havisimami.

Yanatuhusu nini?

Wengi wetu tunakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mkondoa ulipofurika, maelfu ya watu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika. Ndiyo maana kupanda miti kwenye kingo si pambo kwetu.

Hata hivyo nakiri kosa langu. Kulikuwa na kitalu cha miche ya mikangazi na migunga katika kijiji kimoja. Awamu ya ufadhili ilipokaribia kwisha, niliiandikia kamati barua moja tu: kuanzia mwezi ujao mtajitegemea. Mwangalizi akaondoka, pampu ikakosa mafuta, na hapakuwa na utaratibu mwingine wa kumwagilia. Tulipokaa kikao cha kwanza cha awamu mpya miche ilikuwa imekauka, na msimu wa kupanda ukapita. Nilisukuma usukani mpaka mwisho, tena boti ikiwa haina mwendo.

Kwa kamati za sharika, nashauri hivi. Anzeni kugeuza wakati mradi una nguvu, mfuko una fedha na wanachama wanahudhuria. Msingoje miezi ya mwisho. Wekeni uzito nyuma, yaani akiba ya kulipia maji na ulinzi katika miezi ya mpito. Msiache utaratibu wa zamani kabla mpya haujashika. Wenzetu wa Mikumi wanaopakana na hifadhi wanajua: mkulima anayetaka kupunguza mahindi yanayoliwa na tembo na kujaribu pilipili hawezi kung'oa mahindi yote mwaka wa kwanza, maana familia lazima ile.

Kwa wahisani wetu tunaowashukuru sana, tunaomba mambo mawili. La kwanza, taarifa zetu zikionyesha mradi umekwenda mshazari, tuulizeni kama unasogea kuuelekea upepo kabla ya kusema umepotea njia. La pili, fedha ya kipindi cha mpito, hata ikiwa kidogo, ni lile tanga dogo la mbele. Ikiachiwa wakati omo inautazama upepo, kazi ya miaka hurudi nyuma. Ikishikiliwa muda mfupi tu, chombo huvuka, kisha inaweza kuachiwa kwa amani.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 tunasoma jinsi chombo alichopanda Paulo kilivyopita chini ya Kipro kwa sababu pepo zilikuwa za mbisho. Baadaye wakasafiri bila kusikia onyo lake, wakakutana na Eurakilo, na chombo hakikuweza kushindana na upepo. Chombo kilivunjika, lakini watu wote 276 walifika nchi kavu. Mungu aliwahifadhi watu. Nasi tunapopanga awamu inayofuata tuwaangalie watu kwanza: yule mama anayemwagilia miche asubuhi, na yule mzee ambaye nyumba yake iko karibu na mto.

Kamati zitakazoingia awamu mpya zilete mpango wa miezi ya mpito katika kikao kijacho, ukionyesha nani atafanya nini na kwa fedha ipi. Tutaupitia pamoja kabla ya kugeuza.

Mungu awabariki.

Mratibu wa Miradi