Daktari Hushauri, Mfuko Huamua

Mwalimu wa Makunduchi aliyepooza mkono kwa kiharusi anapoomba mafao ya ulemavu kutoka Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ulioanzishwa mwaka 1998, kazi mbili hutenganishwa. Madaktari hueleza hali ya mwili; watumishi wa Mfuko huyapima maelezo hayo kwa sheria, kisha huamua. Ndiyo maana cheti kinachosema “kiharusi” tu hakitoshi. Ainisho la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2001 huangalia utendaji wa mtu, si jina la maradhi pekee: je, aweza kushika chaki, kusimama darasani, kupanda daladala? Tabibu ayaandike hayo kinaganaga. Mgonjwa naye asiyafiche kwa kuona haya. Kisichoandikwa, mwamuzi hakioni.