Maji ya moto kwa gazi: sababu gani mashini haipaswi kufungwa ndani ya bafu

Asubui katika Butembo ao Bukavu, maji ya tanki yanauma mikono. Umeme ukikatika, kubakia kuwasha mbabula kwa ajili ya ndoo moja kunachosha, na ndiyo maana familia zenye uwezo kidogo zinanunua mashini ya kupasha maji kwa gazi. Ni sanduku la bati linalofungwa ukutani. Maji ya baridi yanaingia, ya moto yanatoka, na ukifungua robine moto unawaka wenyewe. Fundi anaweza kuifunga kwa nusu siku.

Shida ni fasi anaifunga. Wakati mingi ni ndani ya bafu, karibu na mutu anayeoga, ili asinunue tiyo ndefu.

Mashini ya kilowati 11 hivi inakula karibu gramu 150 za gazi kwa dakika 10. Kwa urefu wa Goma, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, gramu hizo zinaomba hewa ya zaidi ya mita kubu 2 ili ziungue vizuri. Bafu ya mita 1.5 kwa 2, yenye dari la mita 2.5, iko na mita kubu 7 na nusu tu. Baba akioga, mama akafuata, kisha watoto, dirisha likiwa limefungwa sababu ya baridi, moto unakosa hewa. Hapo ndipo unatoa monoksidi ya karboni. Gazi hiyo haina rangi wala harufu, na inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kupita oksijeni.

Wakaaji wa Goma wanajua mazuku, ile gazi nzito inayokaa katika mabonde na kuua mbuzi wa kwanza. Lakini hapa ujuzi huo unaweza kudanganya. Gazi ya chupa ikivuja ni kama mazuku, inashuka chini. Monoksidi ya karboni haikai chini: inachanganyika na hewa yote ya chumba, na kupanda juu ya kiti hakumsaidii mutu.

Basi mashini ifungwe inje, ukutani, chini ya paa linaloizuia mvua, na maji tu ndiyo yapite ukuta. Kama ni lazima ikae ndani, isiwe bafu wala chumba cha kulala, na iwe na tiyo ya moshi inayopanda mpaka inje. Tundu la dirisha pekee si tiyo ya moshi, hata fundi akisema inatosha. Chupa isimame wima, inje, mbali na shimo ao mufereji. Viungo vyote vipakwe povu ya sabuni: povu ikivimba, kuna fasi inavuja. Kiberiti hakipimi kitu, kinawasha nyumba. Moto muzuri ni wa bluu. Ukiwa wa manjano, ao bati likianza kuwa na masizi, funga gazi na kuita fundi.

Wenye kuwaza pisini ao beseni kubwa la kuogea, kando ya ziwa, wapige hesabu mbele. Kuongeza digri 5 kwa maji ya mita kubu 30 kunamaliza zaidi ya chupa nzima ya kilo 12, na usiku maji yanapoa tena. Mashini ya namna hiyo ni kubwa zaidi, na moshi wake pia.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, magoti kulegea: wengi wanafikiri ni malaria. Lakini kama inaanza wakati wa kuoga, ao inashika watu wote wa nyumba pamoja, na inapungua wakitoka inje, ni mashini. Mutu akianguka bafuni, fungua mulango na madirisha, funga gazi, umuvute inje haraka bila kukawia mule ndani. Kisha apelekwe hospitali, hata kama ameamuka na anasema yuko muzima.