KUSAJILI WANA WA FARASI: MAKARATASI YAPUNGUA, UHAKIKI WABAKI

Nchini Marekani, farasi wa mbio wa nasaba safi husajiliwa na Jockey Club, chama kilichoundwa mwaka 1894, ambacho ndicho mtunzaji wa daftari la nasaba. Asiyeandikwa humo haruhusiwi katika mbio za farasi wa aina hiyo, hata akiwa na kasi namna gani.

Ifahamike kuwa utaratibu una hatua tatu. Kwanza, mwenye farasi jike hutoa taarifa ya uzazi katika muda wa siku 30. Pili, nywele za mwana wa farasi hung'olewa pamoja na mizizi yake, ili wazazi wahakikishwe kwa vinasaba. Kipimo hicho kilichukua nafasi ya kile cha damu mwaka 2001. Tatu, maombi hupelekwa pamoja na picha nne: mbele, nyuma na kila ubavu.

Kwa waliozaliwa tangu mwaka 2017, ni lazima pia kutiwa shingoni kidude cha utambulisho chenye namba. Kwa wa tangu mwaka 2018, cheti cha karatasi kimeondolewa na badala yake hutolewa cha kompyuta. Hapo awali cheti kilifuatana na farasi kila alipouzwa, na kikipotea shughuli zilikwama. Sasa muuzaji humhamishia mnunuzi kwa kompyuta.

Hata hivyo, muda haukuondolewa. Anayeacha mwaka ukapita hutozwa ada kubwa zaidi. Hivyo basi, mfugaji atangulize taarifa ya uzazi, kwani hatua nyingine zote huifuata hiyo.